Mikanda au utando, ngozi au reksini: kuunga upya viti vya kulaza vya gari la spoti la zamani

Gari langu lina viti viwili tu, na viwili hivyo havifanani. Kwa macho huoni tofauti: reksini (ngozi bandia ya plastiki) nyeusi ile ile, paipini (ukingo mwembamba wa kwenye mishono) ile ile, mkono ule ule wa kulazia ubavuni. Kaa cha dereva, kisha zunguka ukae cha abiria, ndipo utajua. Cha dereva nilikijenga juu ya mikanda ya mpira na sponji niliyoikata mwenyewe. Cha abiria kina utando mmoja wa mpira na sponji iliyotoka kwenye kalibu. Cha kwanza kinakuinua karibu upana wa vidole viwili zaidi, mapaja yanakwaruza usukani. Cha pili kinakupokea, unazama kidogo, basi.

Sikupanga iwe hivyo. Nilinunua vifaa kwa awamu, kila mara nikichukua kilichopatikana, na mwisho wake nikawa na viti viwili vya shule mbili. Angalau sasa ninaweza kulinganisha kwa makalio yangu, si kwa maneno ya muuzaji.

Ninayoyaeleza yanahusu gari la viti viwili la miaka ya 60 na 70 lenye kiti ambacho mgongo wake unalala nyuma. Tahadhari moja mapema: usiagize kitu chochote kwa jina la gari peke yake. MGB, gari la spoti la kampuni ya MG, kwa mfano, iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na katika miaka hiyo yote kiti chake hakikubaki kile kile. Marekani nayo ililazimisha mito ya kichwa kwa viti vya mbele vya magari mapya kuanzia Januari 1969, kwa hiyo magari mengi yaliyouzwa huko baada ya hapo yana mirija juu ya mgongo wa kiti, na kava yake ina matundu ya kupitisha vyuma vya mto. Kava ya gari la mwaka wa nyuma haina matundu hayo. Utajua umekosea ukiwa umeshaivalisha.

Anzia chini

Karibu kila mtu huanza kwa kuchagua kava, maana ndiyo inayoonekana. Nami nilianza hivyo. Lakini kava hukatwa kwa kufuata sponji, sponji hukaa kwa kufuata kinachoibeba, na hicho kinachoibeba hushikwa na fremu. Ukichagua kuanzia juu, kila tabaka litakudai uharibu lile ulilokwisha kulilipia.

Kwa hiyo kabla hujafungua bolti hata moja, pima kutoka sakafu ya gari hadi juu ya kikalio, yaani sehemu ya kukalia, kiti kikiwa kitupu, kisha mtu akiwa amekaa. Ndiyo, kiti chako kimebonyea kwa uzee, lakini bila namba hizo mbili hutajua kipya kimepanda kiasi gani. Piga na picha za kila kona, hasa chini, kulabu zinakoshika fremu.

Kinachobeba sponji kiko cha namna tatu.

Mikanda ya mpira, ile ambayo mafundi wengi huiita ya Pirelli hata ikiwa imetengenezwa na mtu mwingine, ina nyuzi za kitambaa zilizolazwa mshazari ndani ya mpira. Huvutwa kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na kila ncha hubanwa na kipande cha chuma chenye kulabu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kubadilisha mmoja uliokatika ukaacha mingine. Unaweza pia kuchezea ugumu: ongeza mkanda mmoja chini ya mapaja, au legeza wa nyuma, kiti kibadilike tabia. Ubaya wake ni huo huo. Kiti kinategemea mkono wako. Kipimo cha kawaida ni kuurefusha mkanda kwa karibu sehemu moja ya kumi: weka alama mbili zilizoachana sentimita 20, vuta hadi ziachane sentimita 22, hapo ndipo pa kufungia. Mimi nilivuta kwa hasira ya mtu aliyechoka kukaa shimoni. Mikanda ikakazana kama ngozi ya ngoma, na huo ndio mwanzo wa ule urefu wa vidole viwili.

Utando ni kipande kimoja cha mpira mnene, chenye umbo la kikalio na matundu pembezoni yanayopokea kulabu. Hauna cha kupima. Ama umeshika matundu yote, ama haujashika. Uzito husambaa sawasawa, hakuna mstari unaousikia mgongoni mwa paja, na kiti hukaa kimo alichokikusudia aliyekichora. Ila tundu moja likichanika, yanayofuata hayachelewi, na huwezi kulitia kiraka. Mpira mpya nao unatofautiana sana. Upinde kwa vidole kabla ya kulipa. Ukiona vimistari vyeupe au vinyufa kwenye mkunjo, uache hapo hapo. Siku ya kuufunga, uanike juani kwanza. Shika kulabu ya mbele, kisha ya nyuma, kushoto, kisha kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukiuzunguka kwa mfululizo, kulabu tatu za mwisho hazitafika.

Springi za chuma, ama zile za nyoka ama za kuviringika, ndizo zinazodumu kuliko vyote, na kama zako hazijavunjika huna sababu ya kuziondoa. Zisugue kutu, zipake rangi, weka kitambaa kipya kizito kati yake na sponji. Kitambaa hicho si pambo. Bila yake springi inaila sponji taratibu kama msumeno, na siku moja unaamka na unga wa manjano kwenye zulia.

Kuna njia ya nne ambayo sitaki hata kuiita njia: kukata ubao wa plaiwudi na kuuweka badala ya mikanda. Ni rahisi, ni imara, na kila jiwe la barabarani litapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Kwenye kiti cha namna hii nusu ya ulaini hutoka kwa kinachobeba, si kwa sponji. Ukiondoa nusu hiyo hakuna sponji itakayokuokoa.

Kati ya hizo tatu, rudisha ile iliyotoka kiwandani. Kama fremu yako inakubali mikanda na utando, kama yangu, na wewe ni mrefu au usukani uko karibu na mapaja, chukua utando. Mikanda mpe mtu mwenye umbo au mgongo unaotaka kurekebishiwa kiti, na mwenye subira ya kukaa, kushuka, kulegeza, na kukaa tena.

Sponji: namba mbili zinazochanganywa

Viti vingi vya enzi hizo vilitoka na sponji ya mpira wa asili. Ni utomvu wa mpira uliopigwapigwa hadi ukatoa povu kama mayai, ukaganda, ukapikwa. Njia hiyo iligunduliwa katika maabara ya Dunlop nchini Uingereza mwaka 1929. Ya poliyurethani, aina ya plastiki, ni mdogo wake: kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937, na sponji laini zake zikaingia sokoni kwa wingi katika miaka ya 50. Leo karibu kila sponji utakayouziwa ni ya poliyurethani.

Utazitambua zinavyokufa. Ya mpira wa asili hukauka, huwa ngumu juu, kisha husagika kuwa vumbi linalonata vidoleni. Ya poliyurethani hupoteza nguvu kimya kimya, hasa mahali penye unyevu. Unaibonyeza, hairudi, na ukiikwangua inamong'onyoka. Baadhi ya magari ya Ujerumani hayana sponji kabisa bali pedi za usumba au nywele za wanyama zilizonyunyiziwa mpira. Pedi hizo hupitisha hewa kuliko kitu kingine chochote hapa, na kama gari lako lilikuja nazo, zirudishe. Usizikate kutoka kipande kikubwa ukidhani utapata kona safi. Hutaipata.

Kwa wengine wote ushindani ni kati ya sponji ya kalibu na ya kukatwa.

Ya kalibu huja na umbo tayari: bonde la kupitisha waya wa kuvutia kava, vitundu vya kulabu, kingo zilizoinuka pembeni. Unaiweka, inakaa. Ya kukatwa hutoka kwenye bamba la sponji, nawe unachonga kwa kisu cha umeme, unabandika vipande, unalainisha kingo kwa msasa. Ni rahisi kuipata na unaweza kuifanya utakavyo. Lakini ninyi mnaosema “ni sponji tu”, jaribuni kuchonga kingo mbili za pembeni zifanane, kushoto na kulia, kwenye kitu kinachokimbia kisu. Mimi kingo zangu ni ndugu, si mapacha.

Ukienda kununua, uliza namba mbili, si moja. Ya kwanza ni uzito kwa ujazo, kilo kwa mita ya ujazo. Hiyo hukuambia sponji itadumu kiasi gani, haikuambii ni ngumu au laini. Ya pili ni ugumu, unaopimwa kwa nyutoni: ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji hadi ipoteze asilimia 40 ya unene wake. Unaweza kupata sponji nyepesi iliyo ngumu. Dukani itakupendeza, baada ya miezi michache itakuwa chapati. Kwa kikalio mimi sishuki chini ya kilo 50. Mgongo wa kiti haubebi uzito huo, nyepesi zaidi inatosha, na inafaa iwe laini kuliko kikalio. Kutumia bamba moja kwa vyote viwili ndilo kosa linalofanya kiti kipya kikusukume mbele kama kinakufukuza.

Kisha kabla ya gundi, kabla ya kava, fanya jambo ambalo sikulifanya. Weka sponji juu ya fremu, funga fremu ndani ya gari kwa bolti mbili, tandika shuka, kaa. Shika usukani. Kanyaga klachi hadi mwisho. Funga paa. Kaa nusu saa, si dakika mbili, maana sponji mpya hukudanganya mwanzoni, inapanda kisha inakubali. Linganisha na zile namba za kwanza. Kupanda kwa sentimita moja ni kawaida na kutashuka. Tatu hazishuki zote. Wakati huo kisu bado kinaweza kusaidia, na ni chini ndipo pa kukata, si juu ulikochonga umbo.

Kava: tayari au ya fundi, ngozi au reksini

Kava iliyoshonwa tayari kwa gari lako inafaa sana pale ambapo kila kitu chini yake ni cha asili au kimefuata asili. Aliyeishona alifuata sponji ya kalibu. Yangu ya kiti cha dereva ilifika, nikaivalisha juu ya sponji yangu ya kuchonga, zipu haikufunga kwa upana wa kiganja. Nikalaumu walioshona, nikaandika barua ndefu. Kava ile ile upande wa abiria, juu ya sponji ya kalibu, ilifunga bila ugomvi. Barua nikaifuta.

Fundi wa kushona, kwa upande mwingine, atafuata sponji yoyote utakayompa, hata ya kuchongwa vibaya. Huyo ndiye wako kama umeunda kiti cha umbo lako. Mpe kava ya zamani, usiitupe. Ataifumua kila mshono na kuitumia kama kielelezo. Mwambie aongeze kidogo pale ilipokuwa imevutika kwa miaka. Muulize atatumia uzi gani. Ukisikia wa pamba, mshukuru uondoke, maana pamba huoza kwa jasho na jua. Wa poliesta wa kazi nzito ndio wenyewe.

Kuna jambo fundi hawezi kulirudisha. Mikunjo ya viti vingi vya reksini vya miaka ya 70 haikushonwa. Ilichomwa kwa umeme wa masafa ya juu, ule unaoyeyusha PVC (plastiki ya reksini) katika mistari na kuibandika na kitambaa cha chini. Mstari unakuwa umebonyea, laini, hauna tundu. Fundi ataushona, utapendeza pengine kuliko wa kwanza, lakini mtu anayelijua gari atauona kutoka mlangoni, na matundu ya sindano yatapitisha maji mvua ikikukuta paa likiwa wazi. Ukitaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, tafuta kava iliyochomwa.

Sasa ngozi na reksini. Wengi huuliza ipi bora, kana kwamba moja ni ya matajiri na nyingine ya wasiojiweza. Kwenye kazi ya kuvalisha, ngozi ni mpole. Inavutika, inasamehe sentimita moja ya kosa, ukiipulizia mvuke inalala, na mkunjo uliobaki hupotea wenyewe baada ya wiki kadhaa za kukaliwa. Reksini haisamehi. Ikiwa baridi ni kama bati. Ipashe kwa kikausha nywele au iache juani saa moja, inakuwa mtiifu, lakini ukiivuta kupita kiasi itachanika hasa kwenye mshono, kwa sababu matundu ya sindano yaliyokaribiana huifanya ikatike kama stempu. Ndiyo maana hatua za mshono wa reksini huachwa ndefu kidogo kuliko za nguo.

Baada ya kuvalisha mambo yanageuka. Gari la wazi linalolala nje litaikausha ngozi hadi ipasuke kama hutaitunza. Reksini haidai kitu, unapitisha kitambaa chenye maji na sabuni, unaendelea. Nayo hufa, ila polepole: mafuta yanayoilainisha hutoka kwa joto na jua, inakakamaa, inapasuka kwenye kingo. Kwa gari linaloegeshwa ndani na kutoka siku za mapumziko, ngozi. Kwa gari linalotumika na kunyeshewa, reksini, wala usione haya. Magari kadhaa ya spoti yenye jina yalitoka kiwandani na reksini.

Kitambaa sitakipigia debe wala kukipinga. Hakichomi mapaja jua linapowaka, kinapauka haraka, na kwenye gari la wazi maji yakiingia yanabaki kwenye sponji.

Jambo moja linahusu vyote. Usinunue kitambaa wala sponji ya sofa kwa sababu rangi imekupendeza. Marekani ina kanuni tangu 1972 kwamba vifaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Uliza kama unachouziwa kilitengenezwa kwa ajili ya gari. Gari la zamani lina nyaya za zamani, na kiti kiko juu yake.

Gundi, pete za waya na kamba za plastiki

Gundi ya kupaka pande mbili ndiyo kila mtu anayo. Paka, subiri hadi kidole kikigusa kisinate, bandika. Hakuna kurudi nyuma. Kwa sponji na kitambaa ni sawa kabisa. Kwa reksini jihadhari, kwa sababu yale mafuta yanayolainisha PVC huingia kwenye gundi ya kawaida na kuifanya uji. Leo imeshika, mwaka kesho kava inaelea juu ya bonde. Chagua gundi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya reksini na inastahimili joto, maana gari lililofungwa juani hupita joto la chumba mara mbili kirahisi. Ile ya kupuliza kwa kopo, ya bei nafuu, ni ya mabango ya shule.

Pete za waya zinazobanwa kwa koleo maalumu hazijali joto wala mafuta. Ndizo nyingi zinazopatikana ndani ya viti vya zamani, zikishika waya wa kava na waya wa sponji. Zinauma vidole na zinataka mkono wenye nguvu, ila zinafunguka kama ukikosea. Kwa mabonde ya kikalio sitaki kitu kingine.

Kamba za plastiki za kubana wengi huzidharau. Mimi huzitumia kwa muda: nazipitisha zote zikiwa zimelegea, kisha nakaza moja mbili hatua kwa hatua huku nikitazama mistari ya kava ikinyooka. Ikishanyooka naweka pete, nakata kamba. Ukiziacha zibaki, geuza vile vichwa vyake chini. Kichwa kimoja kilichogeuka juu kitakutafuta kwa safari nzima.

Na kama kava inagoma kuteleza juu ya sponji, funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki kwanza, vuta kava, kisha uchane na kuutoa mfuko. Hiyo haina mpinzani, kwa hiyo hailinganishwi.

Kifaa cha kulazia: safisha, badilisha, au nunua kipya

Hapa ndipo ninaposhauri pesa ziende kwanza kama hazitoshi kila mahali. Sponji mbaya inakukera. Mgongo wa kiti unaoachia ghafla ukiwa barabarani unakuondoa kwenye usukani.

Vifaa vya enzi hizo ni vya koo mbili. Wa meno una sahani yenye meno na kishikio kinachoingia humo. Unavuta mkono, kishikio kinatoka, springi inasukuma mgongo mbele, unaachia pale upendapo. Ni wa haraka, lakini unakwenda kwa hatua, jino kwa jino. Wa kuzungusha una gurudumu ubavuni na gia ndogo ndani. Ni wa polepole, na unasimama popote. Ukiwa nao wa kuzungusha na bado unazunguka bila kulegea, safisha, tia grisi kidogo, funga. Usiufungue ndani kwa udadisi.

Wa meno unakaguliwa kwa macho na kucha. Jino zima lina kona. Lililochoka limekuwa duara. Pitisha ukucha, utasikia. Angalia pia kishikio kinaingia hadi mwisho, si nusu. Kisha tikisa egemeo, yaani mgongo wa kiti, upande wa pili. Kwenye viti vingi vya namna hii kufuli liko ubavu mmoja tu, ule wa mlangoni. Wa ndani una pini na bushi, kile kibomba kinachoizunguka pini, basi. Bushi hiyo ikichakaa, mgongo unajipinda unapoegemea, na mtu hulaumu meno yasiyo na hatia.

Kusafisha cha asili ndilo chaguo langu la kwanza, ilimradi meno yana kona. Chuma chake kilipikwa kikawa kigumu, na umbo linajibu moja kwa moja. Cha kutoka gari lililokufa ni cha pili, ila kagua kwa ukali ule ule, maana gari lililokufa kwa uzee lina meno ya uzee. Kipya cha kuigiza nakiweka cha tatu, si kwa kuwa ni kibaya daima, bali kwa kuwa ugumu wa chuma hauonekani kwenye picha. Kukiunda upya meno kwa kuchomea sikiweki popote. Joto la kuchomea huondoa ule ugumu, na jino laini litasagika kimya kimya hadi siku utakapofunga breki.

Kama kifaa kilifungwa kwa ribiti na umezitoboa, usirudishe bolti ya kawaida yenye nyuzi hadi shingoni. Nyuzi hazipaswi kubeba mzigo wa kukatwa. Tumia bolti yenye shingo nyororo inayojaza tundu, na iwe ya chuma kigumu: ya milimita isomeke 8.8 kichwani, ya inchi iwe na mistari mitatu. Magari ya Uingereza ya zama hizo yana nyuzi za inchi. Bolti ya milimita itaingia mizunguko miwili ikudanganye, kisha iharibu.

Ile springi iheshimu. Ikiwa imekazwa na ukavuta mkono bila mtu kukaa, egemeo linaruka mbele kwa nguvu ya kuvunja pua. Lilaze mbele hadi mwisho, springi iwe imelegea, ndipo ufungue, na vaa miwani na glavu. Weka alama za kushoto na kulia kwa rangi. Vipande hivyo ni kama vya kwenye kioo cha kujitazamia, kila kimoja picha ya mwenzake, na mezani vinafanana mno.

Grisi nyembamba inatosha. Ile ya kujaza hukusanya vumbi, na joto likipanda huteremka kwenye kava yako mpya.

Au viti vingine kabisa

Wapo wanaoacha yote hayo na kufunga viti vya gari la karibuni. Vya Mazda MX-5 vinapendwa sana na wenye magari madogo ya Uingereza, kwa sababu upana unakaribiana na mto wa kichwa unakuja nao. Wengine huota Recaro, jina lililozaliwa 1963 kampuni ya Reutter ya Stuttgart ilipoiuzia Porsche kiwanda chake cha bodi ikabaki na viti. Kwa anayeendesha umbali mrefu si wazo baya. Lakini reli hazilingani, utatengeneza vishikizo vya chuma vya kuungia kiti sakafuni, na hapo umeshaingia kwenye kazi ya usalama inayotaka fundi anayejua kuchomea. Pima pia kimo. Kiti cha kisasa kina nyama nyingi chini, na tatizo la usukani linarudi. Ukifanya hivyo, vya asili vitunze juu ya dari, usiviuze.

Siku ya kuunga

Mpangilio una maana. Kikalio na mgongo vivalishwe vikiwa mbalimbali, kifaa cha kulazia kije mwisho. Tatizo ni matundu ya bolti, ambayo kava imeyafunika. Kabla ya kuvalisha, penyeza vijiti vya kiberiti katika kila tundu la fremu vichomoze kidogo. Baadaye utavisikia kwa kidole kupitia reksini. Toboa kwa msharasi, tundu dogo, kisha pitisha bolti ijitanulie njia. Anayekata msalaba kwa wembe ataona reksini ikichanika kutoka hapo mwaka ule ule.

Funga bolti zote kwa mkono kwanza, laza mgongo na uinue mara kadhaa vipande vijipange, ndipo ukaze. Kisha, kiti kikiwa bado mezani, kilaze na kukiinua katika kila hatua kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika kila hatua kisukume kwa uzito wako wote. Mimi hufanya mzunguko huo mara hamsini. Cha abiria kilipita. Cha dereva kiliachia kwenye jino la nne katika mzunguko wa thelathini na kitu. Nilipokifungua nikakuta washa, kile kipete bapa cha chuma cha chini ya bolti, niliyoongeza kwa wema ilikuwa inazuia kishikio kuingia hadi mwisho. Nikaitoa, nikaanza kuhesabu tena kutoka moja.